Daftari langu la "kwa muda"

Nina daftari jeusi la kurasa 96 ambalo sijawahi kulitumia kazini. Nililianza mwaka 2009, siku zile ambazo kila taarifa ya habari ilikuwa na benki iliyoanguka au waziri wa fedha aliyekosa usingizi. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwa herufi kubwa: KWA MUDA. Kurasa zinazofuata nimezipiga mistari kama leja. Tarehe, nani alisema hatua yake ni ya kwa muda, alisema ni kwa sababu gani, na safu ya nne: iliisha lini. Safu tatu za kwanza hujaa zenyewe. Ya nne ndiyo inayonisumbua, maana imebaki nyeupe karibu yote.

Mimi ni mhasibu. Nimekaa na vocha za watu miaka 22, na kazi hii humwachia mtu ugonjwa usiopona: siwezi kuona fedha inatoka mahali bila kuuliza nani ameweka saini. Vocha ya malipo ni karatasi isiyo na makuu. Inataka kujua nani analipa, analipia nini, na nani ameidhinisha. Kimoja kikikosekana, nairudisha. Nimewahi kuirudisha ya bosi wangu mwenyewe, dereva akiwa amekwisha kuwasha gari, na tukanuniana wiki mbili.

Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu aliponiambia, "Shangazi, wewe huipendi tu serikali," alikosea. Kodi yangu nalipa kabla ya siku ya mwisho. Najua barabara hazijijengi na mahakama haziendeshwi kwa dua. Ninachokitilia shaka ni malipo ambayo mlipaji hakuwahi kuiona vocha. Na kadiri daftari linavyojaa, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba maneno "kwa muda" ndiyo mlango ambao vocha za namna hiyo hupitia.

Nikufungulie kurasa chache.

Mwaka 1799 Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa na hazina imekauka. Waziri Mkuu William Pitt akaanzisha kodi ya mapato, asilimia 10 kwa mwenye kipato kinachozidi pauni 200 kwa mwaka. Ilikuwa ya vita tu. Amani ikaja mwaka 1802, kodi ikafutwa. Vita ikarudi mwaka 1803, kodi nayo ikarudi. Ufaransa iliposhindwa vita kule Waterloo, Bunge likaifuta tena mwaka 1816, safari hii kwa hasira: likaagiza hata kumbukumbu zake ziharibiwe. (Nakala zilibaki kwenye ofisi nyingine. Mhasibu yeyote angekuambia zingebaki.) Mwaka 1842 Waziri Mkuu Robert Peel akaileta tena wakati wa amani, kwa miaka mitatu. Miaka hiyo mitatu inaendelea mpaka leo.

Wajerumani nao. Mwaka 1902 dola ya Kaisari Wilhelm wa Pili iliweka kodi kwenye mvinyo wa mapovu ili kusaidia kujenga jeshi la majini. Jeshi hilo likajengwa kweli, likapigana, vita ikashindwa, na tarehe 21 Juni 1919 mabaharia wake wenyewe wakazizamisha meli zao kule Scapa Flow, Uskoti, ili zisiangukie mikononi mwa washindi. Meli zilizama. Kodi ilifutwa mwaka 1933, ikarudi mwaka 1939, na Mjerumani anayefungua chupa leo bado anailipa. Ukurasa huu ndio ninaoupenda kuliko yote, sijui kwa nini. Labda kwa sababu naiona ile karatasi ya makusanyo ikipita mezani kwa karani mmoja baada ya mwingine, miaka na miaka, na hakuna anayeuliza meli ziko wapi.

Marekani mwaka 1898 ilitoza kodi kwenye simu ili kugharimia vita dhidi ya Hispania. Vita ile haikumaliza hata miezi minne. Kodi kwenye simu za masafa marefu iliachwa kukusanywa mwaka 2006. Hapo angalau safu ya nne niliijaza, ingawa ilichukua miaka 108, ikifutwa na kurudishwa katikati.

Halafu kuna Jumapili ya tarehe 15 Agosti 1971. Tangu makubaliano ya Bretton Woods ya mwaka 1944, benki kuu ya nchi yoyote iliyoshika dola iliweza kuipeleka Marekani na kupewa dhahabu, wakia moja kwa dola 35. Jioni ile Rais Richard Nixon akatokea kwenye televisheni na kutangaza kwamba anasitisha ubadilishaji huo. Neno alilotumia lilikuwa hilohilo: kwa muda. Zaidi ya miaka 50 imepita. Pesa zote tunazoshika sasa, za nchi yoyote, zimesimama juu ya ahadi tu, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilimalizikia kwenye hotuba ile ya Jumapili.

Sasa, nikisema nina mashaka na serikali kwenye mambo ya fedha, watu hudhani nazungumzia kodi. Kumbe katika njia zote ambazo serikali huchukua fedha mfukoni mwa mtu, kodi ndiyo ninayoivumilia zaidi. Ina jina. Ina kiwango kilichoandikwa. Kuna mbunge aliyenyoosha mkono kuipitisha, na unaweza kumnyima kura. Vocha ipo. Hata ikiwa mbaya ipo, na jambo lililoandikwa hubishiwa.

Kinachonikera kwenye kodi ni pale inapofichwa. Nimetengeneza mishahara ya watu kwa miaka mingi. Siku moja, bila sababu yoyote zaidi ya udadisi, niliwauliza wenzangu kumi na mmoja ofisini waniandikie kwenye karatasi kodi waliyolipa mwezi uliopita. Hakuna aliyepata. Watatu waliandika sifuri kwa sababu, walisema, wao hawajawahi kwenda kulipa kodi. Na hawakuwa wajinga. Mmoja wao ni mhandisi. Kila mtu alijua kwa senti kiasi kinachoingia benki, lakini kile kilichokatwa kabla hakikuwahi kuwa chake machoni pake. Hatukuwahi kuwapa mikononi wakakihesabu.

Utaratibu huo wa kukata kodi kwenye mshahara kabla haujamfikia mwenyewe ulienea kwa nguvu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani mwaka 1943 na Uingereza mwaka 1944. Vita vilihitaji fedha haraka na kwa mtiririko. Naelewa. Ila vita vilipokwisha hakuna serikali iliyosema sasa turudi kwenye utaratibu wa mtu kuleta kodi yake kwa mkono wake mwenyewe. Nani angetaka? Kodi isiyouma haina wapinzani.

Njia ya pili ndiyo iliyomla baba yangu.

Baba alikuwa karani. Alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na nadhani ugonjwa wangu nimeurithi kwake. Aliweka akiba kwa miaka mingi bila kukosa mwezi, kwenye akaunti yenye riba ndogo, kwa lengo moja: nyumba. Alipoanza, kiasi alichokilenga kingejenga nyumba nzima. Alipostaafu akakichukua, kilitosha paa. Hakuna aliyemwibia. Nilizipitia taarifa zake za benki mimi mwenyewe, mstari kwa mstari, nikitafuta kosa, na hesabu ilikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho. Ndiyo ikawa mbaya zaidi. Angeibiwa tungekuwa na mtu wa kumshitaki.

Nikaanza kusoma habari za mfumuko wa bei kama mtu anayesoma ripoti ya ajali iliyomuua ndugu yake. Nikakutana na Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza. Kuanzia mwaka 1544 alikuwa akipunguza madini ya fedha kwenye sarafu na kujaza shaba. Kabla yake sarafu ilikuwa na asilimia 92.5 ya fedha. Kufikia mwaka 1551, chini ya mwanawe, ilishuka hadi karibu asilimia 25. Shaba ikaanza kujitokeza kwenye sehemu iliyoinuka zaidi ya sarafu, yaani pua ya mfalme, na watu wakampa jina la utani la pua ya shaba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema. Huyu hakungoja hata kusifiwa. Lakini angalau maji yake yalionekana: ungeweza kuichukua sarafu ukaisugua.

Yetu haisuguliki. Pesa ya karatasi, na zaidi hii ya kwenye skrini, haina pua ya kuchubuka. Benki kuu ikinunua hatifungani za serikali, yaani hati za deni la serikali, kwa fedha ambazo jana hazikuwepo, hakuna kinachobadilika kwenye noti iliyo mfukoni mwako. Benki kuu ya Marekani ilikuwa na mali ya karibu dola bilioni 900 kwenye mizania yake kabla ya kimbunga cha 2008. Mwaka 2022 ilikaribia dola trilioni 9. Sisemi kila dola ile iligeuka kuwa bei ya juu. Haikuwa hivyo, na waliotabiri baada ya 2008 kwamba bei zitalipuka kesho yake walisubiri zaidi ya miaka kumi. Nilikuwa miongoni mwao, na ukurasa huo ninao, nimeuchora mstari mwekundu. Ninachosema ni kwamba uamuzi mkubwa kiasi kile ulifanyika bila vocha ninayoweza kuisoma, na mwenye deni kubwa kuliko wote, ambaye ni serikali, ndiye hufaidika bei zikipanda, kwa sababu hulipa deni la zamani kwa fedha nyepesi.

Na hapo pia daftari lilipata kazi. Mwaka 2021 bei zilipoanza kupanda, benki kuu hiyohiyo ikasema ni za kupita tu. Tarehe 30 Novemba mwaka huo mwenyekiti wake, Jerome Powell, akasema umefika wakati wa kulistaafisha neno hilo. Juni 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.1. Nampa Powell haki yake: ni mmoja wa watu wachache humu daftarini waliorudi hadharani kulifuta neno lao.

Ukiuliza serikali inaweza kufika wapi, tazama Marekani ya mwaka 1933. Rais Franklin Roosevelt alitoa amri Aprili mwaka ule kwamba watu wakabidhi sarafu na vipande vyao vya dhahabu kufikia tarehe 1 Mei, kwa dola 20.67 wakia. Atakayekaidi, faini hadi dola 10,000 au kifungo hadi miaka 10. Watu wakakabidhi. Januari 1934 bei rasmi ya dhahabu ikapandishwa hadi dola 35. Aliyetii amri akabaki na noti, na faida ikaingia hazina. Raia wa Marekani hawakuruhusiwa tena kumiliki dhahabu kwa uhuru mpaka mwisho wa mwaka 1974. Kuna wachumi wanaosema hatua ile ilisaidia nchi kutoka kwenye mdororo, na huenda ni kweli. Mimi nauliza swali la karani: yule aliyepanga foleni kukabidhi, alionyeshwa mahesabu yote?

Nimefika kwenye lile lililoanzisha daftari.

Septemba 2008, Waziri wa Fedha wa Marekani, Henry Paulson, aliyewahi kuwa mkuu wa benki ya uwekezaji ya Goldman Sachs, alipeleka bungeni pendekezo la kuomba dola bilioni 700 za kununua mikopo iliyooza kwenye mabenki. Pendekezo la kwanza lilikuwa na kurasa tatu. Tatu. Nimewahi kudai viambatisho zaidi ya hivyo kwa ajili ya kununua viti. Na ndani yake kulikuwa na kifungu kinachosema maamuzi ya waziri hayataweza kupitiwa na mahakama wala chombo chochote. Niliposoma kifungu hicho niliweka kikombe chini. Kwa lugha ya ofisini kwetu: nipe fedha, usiniulize risiti, wala mkaguzi asije. Bunge lilikataa mswada wa kwanza tarehe 29 Septemba, masoko ya hisa yakaporomoka siku hiyohiyo, na tarehe 3 Oktoba toleo lililonenepeshwa na kuwekewa wasimamizi likapita.

Usiku uleule wa tarehe 29 Septemba, upande wa pili wa Atlantiki, viongozi wa Ireland walikesha na wakuu wa mabenki yao. Asubuhi dunia ikaamka kusikia kwamba serikali imedhamini madeni ya mabenki makubwa sita, karibu euro bilioni 440. Kumbuka nchi ile ilikuwa na watu wapatao milioni nne na nusu. Dhamana ile ilielezwa kuwa ni ya kutuliza hofu tu, na haitagharimu kitu kama benki ni nzima. Benki hazikuwa nzima. Mwishowe Ireland ilitia kwenye mabenki takribani euro bilioni 64, ambayo ni zaidi ya euro 14,000 kwa kila mtu, pamoja na mtoto aliyezaliwa wiki ile. Novemba 2010 nchi yenyewe ikalazimika kuomba mkopo wa kuokolewa.

Dawa ya deni ni kulipa, tumeambiwa tangu utotoni, na sina ubishi na dawa hiyo. Ila dawa humezwa na mgonjwa. Mtu wa Ireland ambaye hakukopa, hakukopesha, na hakuwa na hata hisa moja ya benki, alikatwa mshahara na kupandishiwa kodi ili mwekezaji wa mbali aliyenunua hatifungani ya benki kwa kutafuta faida arudishiwe chake. Faida ilipokuwepo, vocha ilikuwa na jina lake. Hasara ilipokuja, jina likabadilishwa usiku.

Basi, mtu husema, ungewaacha waanguke? Miaka ya mwanzo nilikuwa najibu ndiyo bila kumeza mate. Sijibu hivyo tena. Nimesoma yaliyotokea Marekani kati ya 1930 na 1933, ambapo benki zipatazo 9,000 zilianguka na kuondoka na akiba za watu waliokuwa na busara ileile ya baba yangu. Nimeangalia pia siku mbili za 2008. Tarehe 15 Septemba benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers, yenye mali ya zaidi ya dola bilioni 600, iliachwa ifilisike. Siku iliyofuata tu, walewale walioiacha wakakimbia kuikopesha kampuni ya bima ya AIG dola bilioni 85, kwa sababu walikuwa wameona moto unavyoruka kutoka nyumba hadi nyumba. Msaada kwa AIG uliendelea kupanda hadi kufikia ahadi za dola bilioni 182. Nikikaa kwenye kiti chao, jioni ile, pengine nami ningeweka saini.

Kwa hiyo sina ubishi na zimamoto. Mwingereza Walter Bagehot aliandika mwaka 1873 kanuni ambayo wenye benki kuu bado huitaja: wakati wa hofu, kopesha bila uchoyo, lakini kwa mwenye rehani nzuri, na kwa riba ya juu. Hapo mkopaji huumia, na hurudi kulipa haraka kwa sababu anaumia. Kinachofanyika siku hizi huwa kinakumbuka kukopesha bila uchoyo na kusahau yale mengine. Machi 2009, AIG ikiwa bado inapumua kwa fedha za umma, ilitoa dola milioni 165 za bonasi kwa idara ileile iliyoizamisha. Mikataba, walisema, lazima iheshimiwe. Mamilioni ya watu waliokuwa wanapoteza nyumba zao nao walikuwa na mikataba.

Na hapa ndipo mpwa wangu huniletea hoja anayoiona ni ya mwisho. "Lakini Shangazi, fedha zilirudi. Na faida juu." Ni kweli, kwa sehemu kubwa. Fedha zilizotiwa kwenye mabenki kupitia mpango ule wa Marekani, karibu dola bilioni 245, zilirudi na ziada. Hata AIG: serikali ilipouza hisa zake za mwisho Desemba 2012, ilitangaza faida ya dola bilioni 22.7.

Nikamuuliza: mtunza fedha wa ofisi akichukua fedha za kasha Ijumaa jioni, akazizungusha mahali, akazirudisha Jumatatu asubuhi na kidogo juu yake, nifanye nini? Akacheka, akajua ninakokwenda. Naziingiza kwenye leja, naandika risiti, na barua ya onyo namwandikia vilevile. Kwa sababu zingeweza kutorudi. Kwa sababu aliyebeba hatari ile wikendi nzima hakuwa yeye. Na kwa sababu Ijumaa ijayo atachukua tena, na safari hii kila mtu kwenye jengo anajua kwamba kasha halifungwi.

Kinachoachwa nyuma na uokoaji ni hicho hasa: dhamana isiyoandikwa popote. Benki kubwa hukopa kwa urahisi zaidi kwa sababu mkopeshaji anaamini serikali haitathubutu kuiacha. Hiyo ni bima. Ukitaka bima ya gari unalipa kila mwaka. Hii ya mabenki makubwa haikuwa na ada, na mwenye kuibeba ni mlipakodi ambaye hajui kama amesaini.

Kupro (Cyprus) walijaribu njia ya kinyume, na sikuipenda pia. Machi 2013 mabenki yalifungwa karibu wiki mbili, na pendekezo la kwanza lilikuwa kukata asilimia 6.75 hata kwenye akiba ndogo za chini ya euro 100,000, zilezile zilizokuwa zimeahidiwa bima. Bunge likakataa bila kura hata moja ya kuunga mkono. Baadaye waliokuwa na zaidi ya euro 100,000 kwenye Bank of Cyprus waliona asilimia 47.5 ya ziada hiyo ikigeuzwa kuwa hisa za benki hiyo. Pesa ya mtu jioni ni akiba, asubuhi ni hisa ya benki inayougua. Wapo waliosema ni haki zaidi kuliko kumkamua mlipakodi, na kimsingi nakubali kwamba aliyeikopesha benki ndiye wa kwanza kuumia. Lakini mwenye akaunti ya kulipia mishahara ya wafanyakazi wake hajioni kama mwekezaji. Masharti ya kutoa na kuhamisha fedha yalitangazwa kama hatua ya muda mfupi. Yaliondolewa yote Aprili 2015. Ukurasa wa 31.

Mpwa wangu ana jibu lake kwa haya yote, na jibu lake liko kwenye simu. Aliponieleza kwamba ndani ya kipande cha kwanza kabisa cha Bitcoin, sarafu ya kidijitali isiyo na benki kuu, cha tarehe 3 Januari 2009, kumezikwa kichwa cha habari cha gazeti la The Times kuhusu waziri wa fedha wa Uingereza kukaribia kuokoa mabenki kwa mara ya pili, nilikiri kwamba aliyefanya vile ni mtu wa roho yangu. Naye ana daftari. Lakini nilimkumbusha Machi 2023. Silicon Valley Bank ilianguka Ijumaa ya tarehe 10, na kampuni inayotoa sarafu ya kidijitali ya USDC ikasema ina dola bilioni 3.3 za akiba yake mle ndani. Sarafu ambayo kazi yake moja ni kuwa sawa na dola moja ikashuka chini ya senti 88. Jumapili serikali ya Marekani ikatangaza kwamba wenye amana wote watalipwa, hata waliozidi kikomo cha bima cha dola 250,000. Sarafu ikapanda ikarudi mahali pake. Yaani wale waliohama nyumba ya serikali walilala njaa siku mbili, wakafunguliwa mlango wa nyuma.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama kuna hata ukurasa mmoja ninaoukubali.

Upo, na nilimwonyesha. Ni ule niliokufungulia mwanzo, wa kodi ya mapato ya Uingereza. Kodi ile, kisheria, mpaka leo hufa kila mwaka tarehe 5 Aprili. Bunge lisipopitisha sheria ya fedha ya mwaka huo kuifufua, hakuna wa kuitoza. Najua ni desturi tu sasa, najua hakuna anayetarajia wabunge wasahau. Lakini kila mwaka lazima mtu asimame, aitaje kwa jina, na wenzake wapige kura. Safu ya nne kwenye ukurasa huo haina tarehe. Nimeandika kwa kalamu ya kijani: inaombewa upya kila mwaka. Laiti dhamana ile ya Ireland ingekuwa hivyo, au hotuba ile ya Jumapili ya 1971.

Akageuza kurasa mpaka kwenye ule wa mstari mwekundu, ule wa utabiri wangu mbovu, akaupiga picha na kuniambia ataniwekea kumbukumbu. Halafu akaomba aende na daftari nyumbani alisome vizuri. Huu ni mwezi wa tatu sasa, na halijarudi.